Msituambie Hesabu Zimeisha

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, na sababu haikuwa ya kishujaa. Karo ilikwama, mkopo ukachelewa, mathe alikuwa ameshauza ng'ombe wa pili. Nikapanda matatu ya kurudi Nakuru na begi moja, ndani yake daftari la somo ambalo wasee wa mtaani wananicheka nalo mpaka leo: nafasi za Banach.

"Sasa hiyo itakusaidia na nini?" Nimeulizwa hivyo kwa kinyozi, nimeulizwa steji, nimeulizwa na mjomba katikati ya ruracio nikiwa nimeshika sahani. Nilikuwa nacheka tu. Siku hizi sicheki, kwa sababu hilo swali limetoka kwa kinyozi likaingia serikalini.

Mnakumbuka kelele za 2025. Mpango ulikuwa kwamba mwanafunzi wa sekondari ya juu anayechagua njia isiyo ya sayansi angeweza kuacha hesabu kabisa. Wazazi na walimu wakapiga kelele, na mwezi wa Aprili Waziri Julius Ogamba akatangaza kwamba hesabu itabaki ya lazima kwa wote, ila kwa sura mbili: moja nzito ya watu wa sayansi, nyingine nyepesi ya wengine. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilisikiliza pande zote mbili na nikaona zinakubaliana kwa jambo moja: hesabu ni chombo. Mmoja anaihitaji ajenge daraja, mwingine anaihitaji asiibiwe chenji. Sikusikia mtu akisema kwamba hesabu ni mahali ambapo bado kuna maswali, na kwamba mtoto wa Bondeni au wa Molo anaweza kuwa ndiye atakayeyajibu.

Wacha nieleze hiki kitu mnachokicheka.

Chukua namba za sehemu peke yake: nusu, robo, thuluthi na wenzao. Sasa tembea: 1, halafu 1.4, halafu 1.41, 1.414, 1.4142. Hatua zinazidi kuwa fupi, unaona kabisa kuna mahali unakaribia. Lakini mahali penyewe, ile namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata 2, si namba ya sehemu. Ni kama kutembea usiku juu ya Menengai: hatua zote zilikuwa salama, kisha ardhi ikakosekana. Nafasi ya Banach ni uwanja ambao una kipimo cha urefu, kinaitwa normu, na hauna mashimo ya aina hiyo. Safari yoyote ambayo hatua zake zinabanana hivyo ina pa kufikia, na hapo pa kufikia pamo ndani ya uwanja huohuo.

Utamu ni kwamba nukta za uwanja huo si lazima ziwe namba. Chora joto la Njoro kuanzia alfajiri hadi usiku. Mchoro huo mzima ni nukta moja. Mchoro wa kesho ni nukta nyingine, na umbali kati ya siku hizo mbili ni pale ambapo michoro imeachana zaidi. Siku zote zinazoweza kuwazika, katika uwanja mmoja usio na mashimo. Nilipoelewa hilo nilikuwa hosteli, stima imepotea, na sikulala.

Lakini darasani hatukufundishwa hivyo. Muhula mzima tulinakili nadharia kutoka ubaoni, mtihani ukaja, tukazirudisha zilivyo, kama kijana wa nduthi anavyompelekea mwenye pikipiki hesabu yake jioni. Si yako, ni ya mwenyewe, wewe umeibeba tu. Hakuna siku tuliambiwa kuna kitu hakijulikani. Hili hapa, kwa mfano, limekaa tangu miaka ya 1930: ukipewa nafasi yoyote ya Banach yenye vipimo visivyo na mwisho, je, unaweza kila mara kuikunja ikawa nafasi nyingine, nayo bado ya vipimo visivyo na mwisho, lakini ambayo orodha moja ya nukta, ya kwanza, ya pili, ya tatu, inatosha kukukaribisha kila pembe yake? Halijajibiwa. Nilikutana nalo kwa simu, bando la usiku, mwaka mmoja baada ya kuacha chuo. Nilikasirika mpaka nikatoka nje.

Na msiniambie haya ni mambo ya Wazungu. Nairobi, Maseno, na Bondo kwenye chuo cha Jaramogi, kuna watu wanaandika kuhusu opereta na normu zake. Tangu 2002 kuna mpango unaounganisha idara za hesabu za vyuo vya Afrika Mashariki. Kazi ipo. Ila anayeijua ni yule ambaye tayari yuko ndani.

Huyo Banach mwenyewe, Stefan, mtoto wa Kraków, hakuwahi kumaliza digrii ya kwanza. Mwaka 1916 profesa Hugo Steinhaus alikuwa anapita bustanini, akasikia vijana kwenye benchi wakizungumza hesabu nzito, akasimama. Mmoja alikuwa Banach. Baadaye, mjini Lwów, yeye na wenzake walikuwa wanakutana mkahawani, wanaandika kwenye meza za marumaru, na 1935 mke wake akanunua daftari ili maswali yasifutwe na kitambaa cha mhudumu. Waliweka zawadi. Stanisław Mazur aliahidi bata bukini mzima kwa swali moja la 1936. Per Enflo wa Uswidi alilijibu 1972, na Mazur akampa bata wake.

Najua jibu lenu: Banach alipata bahati ya Steinhaus, wewe umepata deni. Kweli. Na sitaki mtu aache chuo kwa sababu ya hadithi yangu. Kuacha chuo hakuna urembo, na Banach naye wakati wa vita aliishi kwa kulisha chawa damu yake katika maabara ya chanjo. Njaa haimfanyi mtu kuwa mwerevu. Lakini angalieni vizuri kilichomwokoa. Si kwamba hesabu zake zilikuwa na faida sokoni. Ni kwamba mtu mwenye nafasi alipita, akasikia, akasimama.

Hapa kwetu nani anasimama? Tunamgawa mtoto wa miaka kumi na tano kwa hesabu nzito na hesabu nyepesi kabla hajaonyeshwa swali hata moja lisilo na jibu nyuma ya kitabu.

Ombi langu ni dogo na halihitaji bajeti. Kila mhadhiri wa hesabu, kipindi cha mwisho cha muhula, afute ubao na aandike swali moja ambalo yeye mwenyewe hawezi kulijibu. Kila mwalimu wa sekondari afanye hivyo mara moja kwa mwaka, hata kwa wale wa hesabu nyepesi. Hasa wale.

Daftari langu bado ninalo. Swali la miaka ya 1930 liko ukurasa wa kwanza, na chini yake nimeahidi mbuzi. Sina mbuzi. Ukilijibu, nipe wiki mbili.