Usikubali Ili Yaishe

Asubuhi moja nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya mahakama ya wilaya, nikimsubiri jirani yangu atoke masjala. Karandinga likafika, mahabusu wakashushwa, na mama mmoja mtu mzima akatoka kivulini akamkimbilia kijana wa miaka ishirini na kitu. Askari akamruhusu maneno machache. Nilimsikia akisema, "Baba, ukiulizwa kubali tu, yaishe. Hakimu naye mzazi, atakuhurumia." Kijana akainamisha kichwa: "Sawa, shangazi." Haikupita saa moja akatolewa. Alikuwa amekubali, na hayakuwa yameisha. Alikuwa amefungwa miaka 3 kwa wizi wa pikipiki.

Ndugu zangu, sina neno baya juu ya mama yule. Alisema alichofundishwa na maisha. Kwetu ugomvi ukifika mbele ya wazee, anayekubali kosa upesi ndiye anayepunguziwa mzigo. Anapiga magoti, anaomba radhi, analipa kuku au mbuzi, na jioni watu wanakula pamoja. Wazee wanatafuta amani ya mtaa. Mahakama ya jinai inatafuta kitu kingine: inataka kujua kama kosa lililoandikwa kwenye hati ya mashtaka limethibitishwa. Mshtakiwa akisema "ni kweli", hakuna shahidi atakayeitwa, hakuna kielelezo kitakachochunguzwa, hakuna polisi atakayeulizwa alipata wapi habari zake. Kazi nzito ambayo sheria imeibebesha Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ya kuthibitisha kosa bila kuacha shaka ya maana, anaimaliza mshtakiwa mwenyewe kwa maneno mawili.

Ndiyo maana nasema kubali-yaishe ni ushauri wa hatari. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema waliotutangulia, na sijui mahali ambapo neno hilo lina uzito kuliko kizimbani.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui. Kila kosa la jinai lina viungo vyake, na kukubali kiungo kimoja si kukubali kosa lote. Kuchukua si kuiba. Wizi unataka uwe umechukua mali ya mtu bila haki, kwa nia mbaya, mfano nia ya kumnyang'anya mwenyewe moja kwa moja. Chukua mfano wa vijana wetu wa bodaboda wanaoendesha pikipiki za mkataba. Kijana anapeleka hesabu kila siku kwa tajiri wake, na mkataba ukiisha pikipiki inakuwa yake. Katikati wanakosana. Tajiri anasema hesabu zimelala, kijana anasema nimemaliza, anaondoka na pikipiki, na asubuhi anakamatwa kwa wizi. Akiulizwa "ni kweli uliichukua?" atajibu ni kweli, kwa sababu kweli aliichukua. Lakini mtu aliyeamini kwa moyo safi kwamba mali ni haki yake ana utetezi, na Sheria ya Kanuni za Adhabu inautambua. Utetezi huo unakufa pale pale anaponyamaza juu yake kwa sababu shangazi alisema yaishe.

Sheria yenyewe iliiona hatari hii zamani. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao mahakama za Tanzania na Kenya zinaufuata mpaka leo. Hakimu amsomee mshtakiwa shtaka na kumweleza viungo vyote vya kosa katika lugha anayoielewa. Jibu la mshtakiwa liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kadiri iwezekanavyo. Akikubali, mwendesha mashtaka asome maelezo ya tukio, na mshtakiwa aulizwe tena kama maelezo hayo ni ya kweli. Akipinga hata sehemu moja ya maana, au akiongeza jambo linalotia shaka hatia yake, jibu lake libadilishwe, iandikwe kwamba amekana, na kesi isikilizwe. Kwa hiyo nafasi ya kusema "ila" inakuja mara mbili. Itumie. "Ni kweli niliichukua, ila nilikuwa nimemaliza hesabu." Usione haya kumwomba hakimu akurudie shtaka polepole. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, basi hakuna sababu ya mtu kuitikia asichokielewa.

Na adhabu zenyewe mtu azijue kabla hajafungua kinywa. Vijana wawili wakimtisha mpita njia kwa panga wakamwibia simu, mtaani tunaita ukabaji. Kwenye hati ya mashtaka huitwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Miaka 30! Hakimu akiwa na huruma kama ya mama mzazi, bado mkono wake umefungwa na sheria. Mtu anayemwambia mwanawe akubali shtaka la namna hiyo bila kuuliza linaitwaje anamtuma kaburini angali hai.

Wengi hudhani utetezi huanza siku ile hakimu anaposema "jitetee". Huanza kituo cha polisi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, iliyotungwa mwaka 1985 na kurekebishwa mara nyingi, inataka mtuhumiwa aonywe kabla ya kuhojiwa kwamba halazimiki kusema lolote na kwamba atakalosema laweza kutumika dhidi yake. Inampa haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa msingi wa kumhoji ni saa 4 tangu kukamatwa kwake, na hauongezwi ila kwa utaratibu uliowekwa. Aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kadiri inavyowezekana. Haya ni mambo ambayo mahakama huyapima kwa makini. Mahakama ya Rufani imeshayaondoa kwenye ushahidi maelezo mengi ya onyo, yaani yale ambayo mtuhumiwa huandikwa polisi baada ya kuonywa, yaliyochukuliwa nje ya muda.

Maelezo ya onyo ni karatasi ndogo yenye meno makali. Usitie saini wala dole gumba kabla hujasomewa ukaridhika, maana una haki ya kusahihisha. Kama ulipigwa au ulitishwa ndipo ukasema, pingamizi litolewe pale mwendesha mashtaka anapotaka karatasi ile ipokelewe kama kielelezo. Hapo hakimu atasimamisha kesi kwanza achunguze kama uliyatoa kwa hiari, na ni Jamhuri inayopaswa kuthibitisha hiari hiyo. Nimewaona watu wakikaa kimya, karatasi ikapokelewa, kisha siku ya utetezi wanalia kwamba walipigwa. Wakati huo sikio la mahakama limekuwa zito, na si kwa uonevu.

Juu ya dhamana sitakawia, ila niseme hili: dhamana hainunuliwi. Anayekuomba fedha "ya dhamana" mkononi, bila amri ya mahakama na bila risiti, anakuibia. Mahakamani zinatakiwa barua ya serikali ya mtaa, vitambulisho, wadhamini wanaoaminika na masharti ambayo hakimu ameyataja. Yako makosa yasiyo na dhamana, kama mauaji, uhaini, na huo unyang'anyi wa kutumia silaha. Mwenye kesi ya mauaji hufikishwa kwanza mahakama ya chini, na magazeti huandika kwamba hakutakiwa kujibu lolote. Ndugu husikitika wakidhani amenyimwa kusema. Sivyo. Mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza kesi yake. Atajibu Mahakama Kuu, na huko, akiwa hana uwezo, atapangiwa wakili kwa gharama za Serikali.

Kisha huja kungoja. "Upelelezi haujakamilika" ni sentensi inayowazeesha watu. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili shtaka lisifunguliwe kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa, na nadhani hilo ni jambo jema lililochelewa. Lakini anayengoja asikae bure. Aombe nakala ya maelezo ambayo mlalamikaji aliyatoa polisi, kwa kuwa ni haki yake. Ayasome, au asomewe, mara tatu. Aandike majina ya watu waliokuwapo, atunze risiti, ujumbe wa miamala ya simu, tiketi ya basi.

Tiketi ya basi naitaja kwa makusudi. Mtu anayesema "siku hiyo sikuwapo, nilikuwa Singida kwenye msiba" ana utetezi mzuri, lakini sheria inamtaka atoe taarifa ya utetezi huo kabla kesi haijaanza kusikilizwa, au angalau ampe mwendesha mashtaka habari zake kabla Jamhuri haijafunga ushahidi wake. Akiutoa mwishoni kama mtu aliyeokota hirizi njiani, mahakama inaweza kuunyima uzito wote. Watu wamefungwa wakiwa na mashahidi wa msibani, kwa sababu hawakusema mapema.

Siku mashahidi wa Jamhuri wanapotoa ushahidi, mshtakiwa asiye na wakili huulizwa kila mara kama ana swali. Wengi hujibu, "Sina, mheshimiwa." Hapa nawasihi kwa moyo wote: ukikosa kumdodosa shahidi juu ya jambo zito alilolisema, mahakama yaweza kulichukua kwamba umelikubali. Si lazima uwe na ufasaha wa mawakili. "Ulisema uliniona usiku. Kulikuwa na taa gani? Ulikuwa umbali gani? Ulinijua kabla? Mbona polisi hukutaja jina langu?" Maswali mafupi ya namna hii yamewatoa watu jela. Kumtambua mtu usiku ni ushahidi ambao Mahakama ya Rufani imetahadharisha tangu zamani kwamba ni dhaifu usipokuwa na mwanga wa kutosha na maelezo yake.

Jamhuri ikifunga ushahidi, hakimu huamua kama kuna kesi ya kujibu. Ikiwa hakuna, unaachiwa hata kabla hujasema neno. Ikiwa ipo, unaelezwa haki zako: kujitetea kwa kiapo au bila kiapo, na kuita mashahidi. Unaweza kunyamaza pia, ila hapo mahakama inaruhusiwa kukufikiria vibaya, basi usinyamaze kwa hasira.

Msomaji mmoja ataniuliza: huoni kwamba unawafunza wezi kukwepa? Nimejiuliza hivyo mimi mwenyewe, na jibu langu ni hapana. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia mpaka ithibitike kuwa anayo. Ibara hiyo haikuandikwa kwa ajili ya wezi. Iliandikwa kwa ajili yako unayesoma, siku jirani mwenye chuki atakapokutaja. Na aliyetenda kweli akajuta, sheria haimfungii mlango. Kukiri kwa ukweli, baada ya kuelewa, hupewa uzito katika kupunguza adhabu. Tena tangu 2019 kuna makubaliano ya kukiri kosa, yanayofanywa kwa maandishi kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka, na mahakama huyakagua ijiridhishe kwamba yalifanywa kwa hiari. Makosa kama uhaini na ugaidi hayamo. Huko ndiko kukubali kwenye akili, kwa macho yaliyofumbuka. Kubali-yaishe ni kukubali kwa hofu, na mhalifu wa kweli aliyemtumia kijana wako kama ngao hubaki mtaani akicheka.

Mtasema, mawakili ni ghali. Ni kweli. Lakini Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamruhusu hakimu, akiona haki inahitaji na mshtakiwa hana uwezo, athibitishe hivyo ili apatiwe msaada. Omba, na uombe kwa sauti iandikwe kwenye mwenendo wa kesi. Wako pia wasaidizi wa kisheria wilayani, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Mawakili Tanganyika wamekuwa wakisaidia wasio na kitu.

Narudi kwa shangazi. Nilimkuta bado amekaa pale pale, kanga imemfunika uso. Nilimwambia kwamba aliyefungwa kwa kukiri mwenyewe haruhusiwi kukata rufaa kupinga hatia, bali ukubwa au uhalali wa adhabu tu, isipokuwa kama kukiri kwake kulikuwa na utata, au hakuelewa alichokubali, au shtaka lenyewe halionyeshi kosa. Nikamwambia notisi ya kusudio la kukata rufaa ni ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe siku 45, zikitolewa siku za kungoja nakala ya mwenendo wa kesi. Alihesabu kwa vidole. Siku ya saba kijana aliweka dole gumba kwenye notisi mbele ya bwana jela, nayo ikapelekwa mahakamani.

Nakala ya mwenendo ilichukua wiki kadhaa. Tulipoipata, msaidizi wa kisheria aliisoma kwa sauti chini ya mwembe wa shangazi. Baada ya maelezo ya tukio, hakimu alikuwa ameandika jibu la kijana kwa maneno yake mwenyewe: "Ni kweli mheshimiwa, pikipiki niliichukua mimi, hesabu nimepeleka miezi 14." Shangazi akaomba mstari ule asomewe tena. Rufaa imeshasajiliwa, na inangoja kupangiwa jaji.