Anga la Ufipa na Ghala la Dunia

Usiku wa kiangazi, anga la Sumbawanga hujaa nyota, lakini darubini kubwa ya kuzipima hatuna. Hata hivyo, mwanafunzi wa Ufipa aweza kupata, katika hifadhi za pamoja, vipimo vya mwanga wa galaksi: namba zilizopangwa kwa pande tatu, mbili za mahali angani na moja ya urefu wa wimbi. Faili lisipotaja kila upande na kipimo chake, namba hizo ni bubu. Ndiyo maana muundo wa FITS, uliochapishwa mwaka 1981, hutanguliza maelezo kabla ya namba. Wanaopuuza maelezo hayo hutudhulumu sisi kwanza: mpimaji ana kumbukumbu yake, sisi tuna faili tu. Hifadhi isomwayo na mpimaji pekee haijafunguliwa bado.