Mtakatifu Agata na Titi Lililokatwa



Mwezi Februari una siku mbili zinazofuatana ambazo ni mara chache tunaziunganisha. Tarehe 4 ulimwengu huadhimisha Siku ya Saratani, na tarehe 5 Mama Kanisa humkumbuka Mtakatifu Agata, bikira na shahidi wa Catania, katika kisiwa cha Sicilia, aliyeuawa yapata mwaka 251, wakati wa madhulumu ya Kaisari Decius. Mapokeo yanasema kwamba watesi wake walimkata matiti, na kwamba usiku ule gerezani Mtume Petro alimtokea, akamponya na kumrudishia alichonyang'anywa. Ndiyo maana wagonjwa wa matiti humkimbilia kama msimamizi wao. Mwanahistoria atatuambia, tena kwa haki, kwamba masimulizi hayo yaliandikwa muda mrefu baada ya kifo chake. Hata hivyo naomba mtazame jambo moja lililomo ndani yake. Agata hakuponywa ili aendelee kuishi, maana aliuawa muda mfupi baadaye. Ingekuwa hoja ni uhai peke yake, muujiza ule haukuwa na kazi. Lakini Wakristo waliosimulia habari hiyo waliona inafaa mwanamke yule arudishiwe titi lake, hata kama angekaa nalo siku chache tu.

Nalitaja jambo hili kwa sababu miongoni mwetu bado yapo maneno yanayonisumbua. Mwanamke aliyekatwa titi kwa sababu ya saratani akiuliza kama linaweza kujengwa upya, huambiwa ashukuru yu hai, mengine ni majivuno. Wanaosema hivyo si watu wabaya. Lakini sidhani kama wamewahi kutazama ni nini hasa kinachomzuia mwanamke asiende hospitali mapema.

Kuna mama mmoja wa parokiani, sasa ni marehemu, niliyempelekea Mpako Mtakatifu. (Aliyoniambia hayakuwa ya kitubio, na watoto wake wameniruhusu kuyagusa.) Aliona uvimbe, akapimwa kinyama, akaambiwa titi litolewe. Aliporudi nyumbani kikao cha ukoo kikakaa. Mzee mmoja akauliza mwanamume atakaaje na nusu ya mke. Basi mama yule akaanza kuzunguka, leo kwa mtu wa dawa za mizizi, kesho kwenye mkutano wa maombi walikomwahidi kwamba uvimbe utayeyuka. Alirudi hospitali baada ya miezi kumi na minne, akiwa na kidonda kilicho wazi. Siku ile nilipomtembelea hakuniuliza habari za kifo. Aliniuliza, "Baba Paroko, na siku ya ufufuko nitafufuka hivihivi?"

Nilimjibu kwa mafundisho ya Mtakatifu Agostino, ambaye katika kitabu cha 22 cha "Mji wa Mungu" anafundisha kuwa mwili ufufukao haupungukiwi kitu. Alitabasamu. Lakini swali lake lilinionyesha kwamba hofu yake kubwa haikuwa kisu. Alikuwa anaogopa kuishi, na hata kufufuka, akiwa amepungua. Mtu mwenye hofu ya namna hiyo humtibu nusu tu ukimwambia kwamba upasuaji utamwokoa.

Upande wa maadili Kanisa halina kigugumizi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikwisha kufundisha kwamba kiungo kilichooza huweza kukatwa kwa ajili ya wema wa mwili mzima. Kumbe kukubali kukatwa titi lenye saratani ni kuutunza uhai, na anayemzuia mwanamke asikatwe kwa jina la imani hana imani ya Kanisa nyuma yake. Kuhusu kurekebisha maumbile, Papa Pius XII aliwahutubia madaktari wa Italia wa upasuaji rekebishi tarehe 4 Oktoba 1958, siku tano kabla ya kufariki kwake, akakubali kwamba upasuaji huo ni halali kimaadili pale nia inapokuwa njema. Uzuri wa mwili ni kitu chema, ingawa si chema kuliko vyote. Mzee aliyekatwa mguu tunamchangia anunue mguu wa bandia. Najua mapadre wawili wanaovaa meno ya bandia, wala sijasikia mwamini akiwatuhumu kwa majivuno. Kwa nini titi peke yake lihukumiwe?

Sasa niseme kidogo kuhusu tiba yenyewe, kwa kuwa uvumi ni mwingi. Mwishoni mwa karne ya 19, Dkt. William Halsted wa Baltimore, Marekani, alieneza upasuaji wa kuondoa titi lote pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani. Kwa miongo mingi ndiyo ilikuwa njia. Baadaye Bernard Fisher nchini Marekani na Umberto Veronesi wa Milano wakathubutu kuuliza kama ukatili wote huo ulihitajika. Mwaka 2002 kila mmoja alitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake kwa miaka 20. Waliotolewa uvimbe na sehemu tu ya titi, kisha wakapata mionzi, waliishi sawa na waliotolewa titi zima. Hiyo ni habari njema, ila ina sharti: uvimbe uwahiwe ukiwa mdogo, na mashine ya mionzi iwepo. Hapa Tanzania mionzi hutolewa katika hospitali chache, kama Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando jijini Mwanza. Mkulima wa huku kwetu atatoa wapi nauli na mahali pa kulala kwa majuma kadhaa? Zaidi ya hayo, wanawake wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umesonga mbele. Ndiyo kusema kwa walio wengi kwetu titi zima litaendelea kutolewa. Hapo ndipo ninapoona kinyume cha ajabu. Mahali ambapo wanawake wengi hubaki na matiti yao ndipo panapopatikana pia wataalamu wa kuyajenga upya, na mahali ambapo wengi huyapoteza hata swali lenyewe haliulizwi.

Njia za kujenga titi ni mbili kubwa. Ya kwanza ni kuweka kipandikizi cha silikoni chini ya ngozi au misuli. Ya pili ni kutumia nyama ya mgonjwa mwenyewe, kutoka mgongoni, jambo alilolieleza Mwitalia Iginio Tansini mwanzoni mwa karne ya 20, au kutoka tumboni, kama alivyoonyesha Carl Hartrampf wa Atlanta mwaka 1982. Kazi hiyo huweza kufanyika siku ileile titi linapotolewa, ama miezi au hata miaka baadaye. Aliyekatwa zamani bado ana haki ya kuuliza. Lakini nisimdanganye mtu. Titi hilo halinyonyeshi, na hisia zake huwa hafifu. Kipandikizi si cha maisha yote. Huenda kikahitaji kubadilishwa, na mwaka 2019 baadhi ya vile vyenye uso wa kukwaruza viliondolewa sokoni kwa kuhusishwa na saratani adimu ya tezi. Upasuaji wa kutumia nyama ya mwili nao ni mrefu, tena huacha kovu la pili.

Wapo pia wanaosema: mimi nimechoka na visu, niacheni na kifua changu bapa. Hao nao wasisumbuliwe. Uamuzi ni wa mwenye mwili, akiisha kuelezwa yote na daktari wake. Si wa kikao cha ukoo, wala si wa paroko.

Marekani ilitunga sheria mwaka 1998 kwamba bima inayolipia kuondolewa kwa titi ilipie pia kulijenga upya, na hata kurekebisha titi la pili ili yalingane. Sisi tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Wanaopanga mafao, ambao baadhi yao husali makanisani mwetu, wasilitupe jambo hili katika kapu la urembo. Naelewa fedha ni chache, na mionzi na dawa vitangulie. Lakini daktari anaweza kulitaja jambo hili siku anapompa mgonjwa majibu, na kulitaja hakuna gharama. Naamini mama anayesikia "tutakata, kisha yapo yanayoweza kufanyika" atarudi wodini kwa urahisi zaidi kuliko anayesikia neno la kwanza peke yake.

Kabla hatujafika huko, lipo titi la bandia la kuvaliwa ndani ya sidiria, linaloshonwa kwa kitambaa laini, likajazwa pamba na kuwekewa uzito kidogo. Akina mama wa WAWATA wenye cherehani wamekubali kujifunza kulishona. Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, muuguzi wa zahanati atakuwa ukumbini kuwaonyesha wanawake dalili za kuangalia: uvimbe, ngozi kubonyea, chuchu kuingia ndani au kutoa damu. Saratani hii huwapata hata wanaume, ingawa ni wachache, kwa hiyo akina baba nanyi mnaalikwa. Waliooa wakae karibu na wake zao. Wazee wa koo nimewatengea viti vya mbele.

Paroko wenu.