Jokofu Likinyamaza, Tuthibitishe Kabla ya Kulaumu



Wapo miongoni mwa wasomaji wetu waliohama pwani wakaenda kuishi Kisii na Nyamira kwa kazi au biashara. Huko kiyoyozi hakihitajiki, kwani Mwenyezi Mungu ameipoza nchi hiyo iliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Jokofu, hata hivyo, hufuatana na familia, nalo ni ndugu wa kiyoyozi: vyote viwili huondoa joto kwa kompresa inayozungusha gesi. Likizimika, lawama huwahi kufika kuliko fundi; mara nyingi humwangukia mama wa nyumba. Dini yetu imetuamuru kuthibitisha kabla ya kuhukumu, na amri hiyo yafaa hata jikoni.

Tuanze na safari. Kutoka Mombasa hadi Kisii ni zaidi ya kilomita 700, na aghalabu jokofu hulazwa ndani ya lori. Likilazwa, mafuta ya kompresa huingia katika mabomba. Basi lisimamishwe wima hadi siku ya pili ndipo liwashwe.

Likiwa kimya kabisa, chomekeni taa katika soketi ile ile. Taa ikiwaka, chomoeni plagi ya jokofu na mjaribu fyuzi nyingine ya kipimo kile kile. Ikiwa umeme umerudi punde tu, subirini dakika 5, kwani kompresa haiwezi kuanza mpaka mgandamizo wa gesi utulie. Na ikiwa swichi kuu hujizima kila mnapoliwasha, msiilazimishe. Hiyo ni kazi ya fundi.

Taa ya ndani ikiwaka nalo halipozi, lisogezeni mbali na ukuta, chomoeni umeme, kisha mpanguse vumbi la mabomba ya nyuma. Baneni karatasi mlangoni. Ikichomoka kwa wepesi, mpira wa mlango umechoka.

Iko pia sababu ambayo watu wa pwani hatuizoei, nayo ni baridi yenyewe. Kibandiko cha jokofu huonyesha herufi za hali ya hewa. Lenye herufi T limeundwa kwa chumba chenye nyuzi 16 hadi 43 za Selsiasi. Usiku wa milimani chumba kikishuka chini ya hapo, kompresa hupumzika kupita kiasi, na nyama iliyo katika friza huyeyuka ingawa chombo ni kizima. Liwekeni mahali penye joto kidogo. Na mkinunua jipya, tafuteni herufi SN, ambalo hustahimili hadi nyuzi 10.

Kisha kuna radi. Upepo wenye unyevu wa Ziwa Viktoria hukutana na milima ile, na ngurumo za alasiri ni jambo la kawaida. Radi humsabihi Mola wake, nasi tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha tutawakali. Chomoeni plagi mawingu yanapokusanyika, kabla ngurumo haijakaribia. Ikiwa imeshafika, iacheni plagi. Mkono wa mtoto una thamani kuliko jokofu.

Chakula nacho ni neema. Mlango ukibaki umefungwa, jokofu hukihifadhi kwa muda wa saa 4, na friza iliyojaa kwa saa 48. Nyama ikiwa bado na barafu, mpikieni jirani, awe Muislamu au asiwe, kabla haijaharibika. Iliyokwisha kuharibika isiliwe kwa kisingizio cha kuogopa israfu.

Ikibidi kumwita fundi, ujira ujulikane kabla ya kazi, kama sheria ya ijara inavyotaka, naye aonyeshe kifaa cha zamani alichokitoa. Mwambieni asome jina la gesi kwenye kibandiko. Ikiwa ni R600a, hiyo ni gesi inayowaka. Moto usiwe karibu, na madirisha yafunguliwe. Fundi mwaminifu hatachukia kuulizwa, kwani naye amebeba amana.

Enyi akina baba, hesabuni mambo haya yote: safari, fyuzi, vumbi, baridi, radi. Hakuna hata moja lililofanywa na mama watoto. Tumpe haki yake kabla ya kumpa lawama.

Wabillahi tawfiq.