Maneno ya Hadharani, Karatasi za Sandukuni

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa mjini, mvunguni mwa kitanda cha baba na mama, limo sanduku la bati ambalo watoto hawaruhusiwi kulifungua. Humo mna vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, stakabadhi za kodi ya nyumba, barua ya kuajiriwa kazi, na pengine barua moja mbili ambazo mwenyewe hapendi zisomwe na mtu mwingine. Siku mwenye sanduku anapofariki, ndugu hukusanyika, kufuli hufunguliwa, na hapo ndipo jamaa hufahamu vyema zaidi mzee wao alikuwa mtu wa namna gani. Aliyoyasema barazani waliyasikia wote. Yaliyomo sandukuni ndiyo huwashangaza.

Serikali nazo zina masanduku yao. Jumapili hii, ndugu msomaji, natutazame sanduku la mtu mmoja aliyekuwa na nguvu nyingi sana duniani katika zama zake: Dwight Eisenhower, jenerali wa Vita Kuu ya Pili, ambaye alikuwa Rais wa Marekani tangu Januari 1953 hadi Januari 1961.

Mwaka 1957 serikali ya Marekani ilianza mpango wa kuchapisha hotuba na nyaraka za hadharani za marais wake katika vitabu vinene, juzuu baada ya juzuu. Za Eisenhower ndizo zilizotangulia, nazo zilipokamilika zilikuwa juzuu 8, moja kwa kila mwaka wa utawala wake, isipokuwa ile ya mwisho iliyounganisha mwaka 1960 na siku chache za 1961. Humo mna hotuba, barua kwa wakuu wa nchi nyingine, salamu kwa Bunge, na majibu yake yote kwa waandishi wa habari, pamoja na sentensi zake zilizojipinda hata msomaji akapotea njia. Mtu yeyote anaweza kuzisoma katika maktaba kubwa. Hilo ni jambo la kusifiwa, kwa maana kiongozi ambaye maneno yake yamepigwa chapa hawezi tena kusema kwamba hakuyasema.

Bunduki na mkate

Hotuba mojawapo iliyo bora katika juzuu hizo ni ya tarehe 16 Aprili 1953. Stalin alikuwa amefariki mwezi uliotangulia, na dunia ilikuwa ikingoja kuona kama uhasama kati ya Mashariki na Magharibi ungepungua. Eisenhower alisimama mjini Washington mbele ya wahariri wa magazeti akiwa mgonjwa, tumbo likimuuma vikali, jasho likimtoka, naye akiishikilia meza ya kusemea asianguke. Hata hivyo alitoa hesabu ambayo mama yeyote aendaye sokoni na kikapu chake angeielewa mara moja.

Alisema kwamba kila bunduki inayotengenezwa na kila manowari inayoshushwa majini ni wizi wanaofanyiwa wenye njaa wasiolishwa na wenye baridi wasiovishwa. Kisha akataja bei. Gharama ya ndege moja ya kuangusha mabomu ilitosha kujenga shule ya matofali katika miji zaidi ya 30. Ilitosha pia kujenga mitambo miwili ya umeme, kila mmoja wa kutosheleza mji wa watu 60,000. Au hospitali mbili nzuri zenye vifaa vyote. Au maili 50 hivi za barabara ya zege. Ndege moja ya kivita ililipiwa kwa ngano ambayo, tukiipima kwa magunia yetu ya kilo mia, ingejaza magunia zaidi ya 130,000. Manowari moja ilikula nyumba mpya za kukaa watu zaidi ya 8,000.

Hayo hayakuwa maneno ya mpinga vita aliyekaa pembeni. Yalitoka kinywani mwa askari aliyeongoza majeshi makubwa, aliyejua bei ya risasi na bei ya uhai. Ndiyo maana hotuba hiyo hukumbukwa hadi leo.

Lakini msomaji wa juzuu hizo akiyaweka maneno hayo kando ya matendo, atakuna kichwa. Eisenhower aliposhika madaraka, Marekani ilikuwa na mabomu ya nyuklia yapatayo elfu moja na ushei. Alipokuwa akikaribia kuondoka, yalikuwa yamezidi 18,000. Na kabla haijatimia miezi mitano tangu hotuba ile, mwezi Agosti 1953, wapelelezi wa Marekani na Uingereza walisaidia kumwangusha Mohammad Mossadegh, Waziri Mkuu wa Iran aliyekuwa ametaifisha mafuta ya nchi yake.

Onyo la kuaga

Siku tatu kabla ya kukabidhi madaraka kwa John Kennedy, jioni ya tarehe 17 Januari 1961, saa mbili na nusu kwa saa za Washington, Eisenhower alizungumza na wananchi wake kwa redio na televisheni. Hotuba hiyo haikuandikwa kwa haraka. Rasimu zake zilizopatikana baadaye na kuwekwa wazi mwaka 2010 zinaonyesha kwamba ilifanyiwa kazi tangu mwaka 1959, ikifutwa na kuandikwa upya mara nyingi, huku mdogo wake Rais, Milton, akiwa miongoni mwa waliotia mkono.

Alieleza kwamba kabla ya vita nchi yake haikuwa na viwanda vya kudumu vya silaha; aliyekuwa akifua majembe alifua mapanga wakati wa haja. Sasa watu milioni tatu na nusu walikuwa wameajiriwa moja kwa moja katika mambo ya ulinzi, na fedha zilizotumika humo kila mwaka zilizidi faida halisi ya makampuni yote ya Marekani. Aliwaonya wananchi wajihadhari na ushirika wa jeshi kubwa na viwanda vikubwa vya silaha, usije ukapata mamlaka ambayo haukupewa na mtu. Akaongeza kwamba ni raia macho na wenye maarifa tu wanaoweza kuuzuia.

Hotuba ile imo katika juzuu ya mwisho, na hadi leo hutajwa kila yanapozungumzwa mambo ya silaha duniani. Hata hivyo, mtu wa pande zetu za Afrika hawezi kuisoma tarehe yake bila kushtuka.

Sanduku la pili

Tarehe hiyo hiyo, 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo huru, alipelekwa kwa ndege hadi Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na nyumbani. Alikuwa pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Walipigwa njiani, wakapigwa tena walipofika, na mnamo saa nne kasoro za usiku wakauawa kwa risasi porini, mbele ya wakuu wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Wakati Eisenhower anaanza kuwaaga Wamarekani, Lumumba alikuwa maiti kwa muda wa saa sita hivi. Dunia haikutangaziwa kifo hicho hadi Februari.

Mtu akizipekua juzuu zile 8 kurasa kwa kurasa, hataona humo amri yoyote juu ya uhai wa Lumumba. Ilibidi sanduku jingine lifunguliwe. Mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church ilichunguza kazi za siri za shirika la ujasusi, CIA. Ofisa mmoja aliyekuwa akiandika kumbukumbu za mikutano ya Baraza la Usalama wa Taifa aliiambia kamati kwamba mwezi Agosti 1960 alimsikia Rais akisema maneno ambayo yeye aliyaelewa kuwa ni amri ya kuuawa kwa Lumumba. Hakuna aliyejadili, mkutano ukaendelea na jambo lililofuata. Katika kumbukumbu zilizoandikwa, maneno hayo hayamo. Wasaidizi wengine wa Rais walikana kwamba amri kama hiyo ilitolewa, na Eisenhower mwenyewe hangeweza kuulizwa, kwani alifariki mwaka 1969.

Kamati ilithibitisha kwamba mwezi Septemba 1960 CIA ilipeleka sumu Kongo kwa ajili ya Lumumba. Sumu hiyo haikutumika. Kamati haikuona ushahidi kwamba Wamarekani ndio waliomwua, na juu ya Eisenhower ilisema kwamba ushahidi unaruhusu kudhani aliidhinisha njama, lakini hautoshi kukata shauri. Kwa upande wa Ubelgiji, uchunguzi wa Bunge lake mwaka 2001 uliona kwamba baadhi ya viongozi wake walibeba lawama ya kimaadili. Mwaka uliofuata serikali yake ikaomba radhi. Jino moja, ndilo lililosalia katika mwili wa Lumumba, lilirudishwa kwa jamaa zake mwaka 2022.

Kikaratasi cha 1944

Katika maktaba ya Eisenhower iliyoko Abilene, jimbo la Kansas, mji alikokulia, yamehifadhiwa mamilioni ya kurasa za maisha yake. Miongoni mwake mna kikaratasi kidogo alichokiandika kwa penseli mwezi Juni 1944, usiku wa kuamkia siku ya kuvusha majeshi kwenda Normandy. Aliandika mapema tangazo la kutolewa endapo uvamizi ungeshindwa: kwamba askari walifanya yote yaliyowezekana, na kama lipo kosa lolote basi ni lake peke yake. Kwa uzito wa saa ile alikosea hata tarehe, akaandika Julai badala ya Juni. Uvamizi ulifaulu, kikaratasi kikabaki katika pochi yake, na wiki kadhaa baadaye akampa msaidizi wake.

Mtu huyo alijua, basi, namna ya kuubeba mzigo kwa mwandiko wake mwenyewe. Juu ya Kongo hakuna kikaratasi. Kuna mkutano, kuna shahidi mmoja, na kuna ukurasa usio na neno. Wajane na yatima wa usiku ule wa Katanga walistahili zaidi ya hayo.

Hatusemi kwamba hotuba zake nzuri zilikuwa za uongo. Hesabu ya bunduki na mkate ni kweli hata leo, awe ameisema nani. Tunachosema ni kwamba mwananchi asomaye hotuba ya mkubwa yeyote, wa mbali au wa karibu, asiridhike na juzuu iliyojalidiwa vizuri. Aulize pia: kumbukumbu za mkutano ziko wapi? Nani anaushika ufunguo? Zitafunguliwa lini, wangali hai wenye kuumia au wamekwisha kuzikwa?

Nasi wazazi tusijione tumo pembeni. Watoto wetu hutusikia tukinena mezani juu ya haki na ukweli, nao hutuangalia tunavyomtendea mtumishi wa nyumbani, mpangaji, na ndugu aliyekuja kutoka shamba. Siku moja watafungua lile sanduku la bati. Inafaa tuanze leo kuliweka katika hali ambayo hatutaona haya likifunguliwa.