Wastani wa jarida haumpimi mhadhiri

Mwandishi, hapa pa kupandisha wahadhiri vyeo kwa kipimo cha athari ya jarida (impact factor) umepapita haraka. Kipimo hicho, alichokibuni Eugene Garfield, huchukua marejeleo ya mwaka mmoja kwa makala za miaka 2 iliyotangulia, kisha hugawa kwa idadi ya makala hizo. Ni wastani wa jarida zima! Makala chache zinazorejelewa mno hubeba nyingine zote, na mhadhiri husifiwa au kunyimwa cheo kwa jasho la wenzake. Tena miaka 2 huenda ikamtosha mtu wa biolojia ya molekuli. Mwanahisabati, au mtafiti wa sarufi za Kibantu, kazi yake hukawia kurejelewa. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililotokana na mkutano wa 2012, lilitaka makala ipimwe kwa yaliyomo, si kwa jarida lililoichapisha.