Ndugu yako mwenye Down anazeeka, umejipanga?

Wengi wetu tuna ndugu, binamu au jirani mwenye sindromu ya Down, na nyumbani bado anaitwa 'mtoto' hata akiwa na miaka 42. Huyo si mtoto. Anazeeka, tena mapema kuliko wewe.

Kule Marekani mwaka wa 1983, wastani wa maisha yao ulikuwa takriban miaka 25. Leo ni karibu 60. Habari njema, ila maana yake ni kwamba wengi watawazika wazazi wao. Mathe akichoka, zamu ni yako.

Kinachonikera ni hii tabia ya kusema 'ndivyo alivyo'. Ameanza kunyamaza? Ndivyo alivyo. Analala mchana kutwa? Ndivyo alivyo. Zii! Huenda tezi ya shingoni, thairoidi, imelegea. Kipimo cha damu kitaonyesha, na tembe zipo. Huenda masikio yameziba, ana mtoto wa jicho, au pumzi inamkatika usiku akilala. Yote hayo yana msaada hospitalini.

Ni kweli Alzheimer huwapata wengi wao mapema, kwa sababu ya ile kromosomu ya 21 ya ziada. Lakini usimbandike jina hilo kabla daktari hajapima hayo mengine.

Wikendi hii andika anachoweza kufanya leo: kuvaa, kupika chai, kutumwa dukani. Kimoja kikianza kupotea, utakuwa na cha kumwonyesha daktari. Na mkifika kliniki, mwache yeye azungumze kwanza.